Kutoka Kambini Hadi Bungeni, Njia Hupitia Uraiani

Mgombea aliyewahi kuwa mwanajeshi hujulikana hata kabla hajashika kipaza sauti. Kwenye bango lake, mbele ya jina, pameandikwa "Kanali (Mst.)" au "Meja (Mst.)". Wapita njia hukisoma cheo na kuyaruka mabano. Lakini kwa jicho la sheria ya Tanzania, uzito wote wa ugombea wake umo ndani ya mabano hayo. Asingekuwa mstaafu, jina lake lisingefika kwenye karatasi ya kura.

Ibara mbili za Katiba ya Jamhuri ya Muungano ndizo zinazofunga na kufungua mlango huo. Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Ibara ya 147 nayo inampiga marufuku mwanajeshi kujiunga na chama chochote. Basi hesabu ni rahisi: ubunge hauji bila chama, na chama hakiji bila kuvua sare.

Ibara hiyo ya 147 ina mambo mawili ambayo wengi huyapitia juu juu. Kwanza, haimnyang'anyi mwanajeshi haki ya kupiga kura. Anayekatazwa kadi ya chama hakatazwi kwenda kituoni siku ya uchaguzi. Pili, neno "mwanajeshi" limepewa maana pana kuliko ile ya mitaani. Linamgusa askari wa Jeshi la Ulinzi, wa Polisi, wa Magereza na wa Jeshi la Kujenga Taifa. Koplo anayelinda gereza na brigedia anayeongoza vikosi wanabanwa na kifungu kimoja.

Kwa kuwa sheria haimtambui mgombea binafsi, mstaafu hawezi kusema kwamba atasimama peke yake, mbali na vyama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala hilo kwa miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Hata hivyo, mlango wa chama umebaki kuwa mlango pekee.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Mwalimu Julius Nyerere alilivunja jeshi hilo. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lililozaliwa Septemba mwaka huo lilijengwa kwa fikra tofauti kabisa: askari awe mzalendo mwenye itikadi, anayeijua siasa ya nchi yake. Chama kikawa na matawi yake kambini, na siasa ikawa somo la askari.

Jakaya Kikwete ni zao la mfumo huo. Alikuwa mkufunzi wa siasa katika chuo cha jeshi cha Monduli, na mwaka 1988 Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua kuwa mbunge na naibu waziri angali mwanajeshi. Enzi zile hapakuwa na kosa lolote. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, jeshi na siasa vilitenganishwa, na waliokuwa na mguu huku na mguu kule wakatakiwa kuchagua. Kikwete alichagua siasa, akastaafu akiwa na cheo cha luteni kanali. Baadaye alikuwa mbunge wa Chalinze, kisha Rais kuanzia mwaka 2005 hadi 2015.

Kenya inafika mahali palepale kwa njia yake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 99, inamzuia mtumishi wa umma kugombea ubunge akiwa bado kazini, na kifungu cha 239 kinavikataza vyombo vya usalama kuegemea chama chochote. Tofauti ni kwamba huko mgombea huru anakubalika, hivyo mstaafu wa jeshi si lazima apite katika mchujo wa chama.

Uganda ndiyo iliyokwenda kinyume na majirani zake. Bunge lake lina viti 10 vya jeshi, na wanaovikalia huchaguliwa na baraza la jeshi lenyewe, bila kuomba kura kwa mwananchi yeyote wa jimbo. Wanaoutetea utaratibu huo husema kwamba nchi iliyoumizwa na mapinduzi inafaa kulisikia jeshi likisema ndani ya Bunge, mchana kweupe. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu anayekumbuka historia ya Uganda. Shida yake huonekana pale mbunge mwenye sare anapofikiri tofauti na wakuu wake. Mwaka 2005 Brigedia Henry Tumukunde, mwakilishi wa jeshi bungeni, alitoa maoni redioni akipinga kuondolewa kwa ukomo wa vipindi vya urais. Akashinikizwa kuachia kiti, akakamatwa.

Hata kutoka jeshini kwenyewe si suala la kuandika barua tu. Meja Jenerali David Tinyefuza, baada ya kuieleza kamati ya Bunge yale aliyoyaona kuwa kasoro za vita vya kaskazini mwa Uganda, aliandika mwishoni mwa 1996 kwamba anajiuzulu. Mahakama ya Katiba ilikubaliana naye mwaka uliofuata, lakini Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo mwaka 1998. Akabaki mwanajeshi.

Hapo ndipo thamani ya uraia inapoonekana. Kambini mkubwa huitwa "Afande", na akishatoa amri mjadala umekwisha. Bungeni kila mtu ni "Mheshimiwa", na waziri akishasema ndipo mjadala unapoanza. Mtu hawezi kuishi chini ya kanuni hizo mbili kwa wakati mmoja bila moja kuikaba nyingine. Akishastaafu kweli, ujuzi wake unakuwa mali ya wananchi. Nchini Kenya, wanajeshi hawapelekwi kurejesha amani katika eneo lenye machafuko bila idhini ya Bunge la Taifa. Mbunge aliyewahi kuongoza kikosi ataijua tofauti kati ya ombi lenye mpango na ombi lenye haraka tu.

Mfano mzuri ulikuwapo Arusha. Bunge la Afrika Mashariki lilipozinduliwa Novemba 2001, Spika wake wa kwanza alikuwa Abdulrahman Kinana, kanali mstaafu wa Tanzania. Miongoni mwa wabunge kutoka Uganda alikuwamo Mugisha Muntu, meja jenerali aliyewahi kuliongoza jeshi la nchi yake. Wote wawili walikuwa wakifuata kanuni za Bunge, si ngazi za vyeo.

Lakini kustaafu hakufuti yaliyotendwa na mtu akiwa na sare. Meja Jenerali mstaafu Joseph Nkaissery alichaguliwa mbunge wa Kajiado ya Kati, nchini Kenya, mwaka 2002, akadumu hadi alipoteuliwa kuwa Waziri wa Usalama wa Ndani Desemba 2014. Mbele ya kamati iliyomhoji, swali la operesheni ya kijeshi ya mwaka 1984 huko Pokot Magharibi lilimfuata, miaka 30 baadaye. Lilikuwa swali halali, na ni haki ya wananchi kuliuliza.

Basi mpiga kura anapofikiwa na mgombea mwenye cheo na mabano, asiishie kupiga makofi. Amuulize alitumikia wapi na lini, aliondoka kwa utaratibu gani, na raia walioishi jirani na kikosi chake wanamkumbuka kwa lipi. Kisha amuulize anavyolielewa suala la maji, shule na zahanati za jimbo analoliomba, kwa sababu hiyo ndiyo kazi anayoitafuta sasa.