Miraba ya Viraka Iliyobaki Ndani ya Gunia

Karibu kila kikundi kinachoshona mablanketi ya viraka kina gunia lake pale pembeni. Ndani yake kuna miraba: viraka vilivyokwisha kuunganishwa vizuri, lakini havikupata blanketi la kuingia. Mmoja ulizidi hesabu, mwingine rangi yake haikupatana na wenzake, mwingine ulishonwa na mwanafunzi ukaenda upande.

Sisi wenyewe tulikuwa na miraba 58. Mnunuzi mmoja alituagiza mablanketi manne, akachukua mawili, halafu kimya. Uzi na kitambaa cha chini tulikuwa tumenunua kwa pesa za mzunguko. Mwezi ulipoisha akina mama wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, "Pesa zetu ziko wapi?" Zilikuwa ndani ya gunia, na panya walikuwa wameanza kuzila.

Kwa hiyo tunawaeleza tulivyofanya, pamoja na yale tuliyokosea.

Kwanza mwageni gunia lote chini, juani. Kila mraba wenye leso au kitambaa chekundu ujaribiwe: chukueni kitambaa cheupe kilicholowa, kibonyezeni juu yake. Kikitoka na wekundu, mraba huo uoshwe peke yake mpaka maji yawe safi. Sisi hatukufanya hivyo, na mito miwili ya kwanza ikawa na madoa ya waridi baada ya kufuliwa mara moja.

Halafu pimeni. Kumbukeni mshono hula robo inchi kila upande, kwa hiyo mraba wa inchi 12 na nusu ukishashonwa hubaki inchi 12. Miraba haitalingana, haiwezi kulingana. Msikate mikubwa ili ifuate midogo, kwa maana mkasi utapita juu ya mishono ya ndani nayo itafumuka. Afadhali mdogo uongezewe utepe wa kitambaa cha rangi moja pande zote nne, halafu yote ikatwe sawa. Hiyo rangi moja inasaidia pia kupatanisha miraba isiyofanana. Sisi tulitumia nyeusi, na watu wakadhani tulipanga tangu mwanzo!

Sasa, kazi za kushona. Miraba tisa, mitatu kwa mitatu, ni blanketi la mtoto la futi tatu kila upande, na hilo huuzika upesi kwa sababu watoto huzaliwa kila mwezi. Mraba mmoja wenye utepe wa inchi mbili kuzunguka ni uso wa mto wa kiti wa inchi 16. Miraba mitatu kwa mstari ni kitambaa cha kuweka juu ya meza au mgongoni mwa kochi. Miwili, na bitana ndani, ni mfuko wa sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, mfuko wa nguo unaofuliwa una wateja wake. Lakini mikanda ishonwe kwa nguvu, kisanduku na msalaba ndani yake, la sivyo viazi vitamwagika barabarani na jina la kikundi pamoja navyo.

Mraba uliokwenda upande kabisa ufanyeni kishika sufuria, na kipande cha blanketi kuukuu katikati. Hapa hadharini. Kiwe pamba tupu. Chomeni nyuzi mbili tatu za kitambaa: pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu, lakini poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Hebu fikirini hicho kidonge kikiganda kwenye kiganja cha mtu.

Lakini kitu kilichoturudishia pesa hasa ni kapu la kupikia bila moto. Mnahitaji kapu lenye mdomo mpana, kubwa kuliko sufuria kwa inchi nne hivi kila upande. Nafasi hiyo shindilieni mabaki madogo kabisa ya mkasi na sweta za mitumba zilizochakaa, chini na ubavuni, halafu mfunike kwa kitambaa kilichoshonwa. Miraba minne ikiunganishwa hutoa kipande cha inchi 24. Kikateni duara, kishoneeni mgongo, jazeni mabaki, na hapo mna mto wa kufunika. Usipofunga mdomo sawasawa joto lote litapotea.

Mchele huchemshwa dakika tano, ukaingia kapuni kwa muda wa saa moja. Maharagwe yanataka uangalifu zaidi. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe kwa nguvu dakika 20 kwa maji mapya, ndipo yaingie kapuni yakiwa bado yanatokota, sufuria ikiwa imejaa na imefunikwa. Yakae saa tatu au nne bila mtu kuchungulia, kisha yachemke tena kabla ya kuliwa. Msiruke ule mchemko wa kwanza. Maharagwe mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu ya kutapisha na kuharisha, na joto la kapu peke yake haliiondoi. Mwuzieni mteja kapu pamoja na maelezo haya.

Msidhani hii ni shida ya vijijini kwetu tu. Katika jimbo la Alabama, Marekani, akina mama weusi wakulima walianzisha ushirika wa kushona ulioitwa Freedom Quilting Bee mwaka 1966, wakisaidiwa na kasisi Francis X. Walter. Mwaka 1972 walipata kazi ya kushonea kampuni ya Sears foronya za koduroi, kile kitambaa kizito cha mistari. Mabaki ya koduroi wakaenda nayo nyumbani kwao, baadhi yao huko Gee's Bend, wakashona mablanketi ya kulalia. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalitundikwa katika majumba ya makumbusho ya Houston na New York, na mwaka 2006 yakachapwa kwenye stempu za posta.

Jambo la bei. Akina mama wengine husema ati miraba ni mabaki, basi tuuze rahisi. Hapana. Mraba umekwisha kula uzi na saa nzima ya mtu. Andikeni ukurasa wake katika daftari: mraba, bitana, uzi, kapu, na saa za kila mmoja, ndipo mtaje bei. Mweka hazina wetu aliandika hivyo, na pesa za mzunguko zikarudi katika mwezi wa tano. Miraba saba ingali gunianimo. Minne imeliwa na panya, mitatu tunaitumia kufundishia wasichana wapya cherehani.