Kuikausha Nyama kwa Moshi
Sehemu ya Pili: Kuchagua Kuni

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi nyama inavyopasuliwa vipande vyembamba, ikatiwa chumvi, ikaachwa ijichuje maji yake, kisha ikatundikwa penye upepo mpaka uso wake ukauke kabla ya kupandishwa uchagani. Leo, kama tulivyoahidi, twaingia katika jambo ambalo aghalabu ya watu hulipuuza, na hali ndilo lenye kuamua kama nyama itakuwa na ladha au itakuwa chungu, na kama mlaji atapata siha au madhara. Jambo hilo ni kuni.

Kwa upande wa kuni, mji wa Himo umebahatika kwa mahali ulipo. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Tanga kupitia Same inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Moshi na mwingine Holili kwenye mpaka wa Kenya, na hapo hapo ndipo njia ya Marangu inapoanza kupanda mlima Kilimanjaro. Kwa sababu hiyo kuni za nyika na kuni za vihambani, yaani za mashamba ya Wachagga mlimani, hukutana katika mji huu: mgunga hutoka chini, na mbuni, mpera, mparachichi na mringaringa hutoka juu. Mwenye kuzinunua bila ya maarifa hutazama bei tu. Bali mwenye maarifa huuliza kwanza ni mti gani, umekatwa lini, na ulikuwa ukitiwa dawa gani.

Wataalamu wa kemia hutufundisha kwamba mti umejengwa kwa vitu vitatu vikubwa, navyo ni selulosi, hemiselulosi na lignini. Ukuni unapopatwa na joto bila ya kuwaka, hemiselulosi ndiyo itanguliayo kuvunjika, ikatoa asidi zinazozuia vijidudu pamoja na vile vitu viutiavyo uso wa nyama rangi ya dhahabu. Lignini hutaka joto kubwa zaidi, nayo hutoa fenoli, hasa gwayakoli na siringoli, ambazo ndizo asili ya ile harufu tuijuayo ya nyama ya moshi, na ndizo zisaidiazo mafuta yasichache upesi. Miti yenye majani mapana hutoa fenoli hizo zote mbili. Misindano na jamaa zake hutoa gwayakoli, ama siringoli ni haba mno kwao, tena utomvu wao huwaka kwa masizi mengi yenye kuiachia nyama uchungu na weusi. Basi msindano na msaipresi, ijapokuwa hupatikana kwa urahisi katika mabaki ya maseremala, si kuni za uchagani; na unga wa mbao wa karakana haufai kabisa, kwa kuwa huchanganyika na gundi, rangi na dawa za kuhifadhia mbao.

Mkaratusi nao tuuache, maana mafuta yake huipa nyama harufu ya dawa ya kifua. Zaidi ya hayo, iko miti ambayo ni haramu kuikaribisha motoni penye chakula: mnyaa, ambao utomvu wake huweza kuyapofua macho, olianda ya bustanini, ambayo ni sumu kuanzia jani hadi mzizi, na msunguti, ambao wawindaji wa nyika waliutumia tangu zamani kupikia sumu ya mishale. Kanuni iliyo salama ni hii: ukuni usioujua jina lake, usiupandishie nyama.

Sasa tuje kwenye miti iliyo mizuri, na wa kwanza ni mbuni. Mti huu uliletwa Kilema, juu ya Himo, na mapadre wa Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19, na hata kilipoundwa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933 ulikuwa umekwisha kuwa tegemeo la Wachagga walio wengi. Leo mashamba mengi yana mibuni mikongwe inayong'olewa ili kupisha aina mpya zisizoshambuliwa na chulebuni wala kutu ya majani, zitolewazo na watafiti wa Lyamungu, kituo kilichoanza mwaka 1934. Visiki vya mibuni hiyo huchomwa ovyo pembeni mwa shamba, na kumbe ndani yake mna ukuni wa thamani: mgumu, mzito, wenye nyuzi laini, usio na utomvu wa kunata, uwakao polepole na kutoa moshi mwembamba mtamu. Walakini lipo sharti moja. Mibuni ilinyunyiziwa mrututu na dawa nyingine za shaba miaka nenda miaka rudi, na dawa hizo huganda katika gome na katika ukungu ulioota juu yake. Shika panga, ukwangue gome lote mpaka uone mti wenyewe mweupe wenye umanjano, ndipo uupasue vipande vya unene wa kifundo cha mkono. Asiyekuwa na subira ya kukwangua gome, na auache mbuni.

Wa pili ni mpera, ambao katika visiwa vya Hawaii husifiwa kwa kazi hii hii. Moshi wake wafaa nyama ya nguruwe na kuku. Mparachichi ni laini zaidi na huisha upesi, basi hufaa kuchanganywa na mbuni. Mwembe na mchungwa, ikikauka barabara, ni mizuri kwa samaki, hasa perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa nyama ya ng'ombe na ya mbuzi, yenye nguvu ya ladha, mgunga wa nyika unafaa, mradi moto wake uzuiwe usipande, kwa kuwa joto lake ni kali. Na huko Kahe umeenea mrashia, mti mgeni wenye miiba uliovamia malisho, ambao ni jamaa wa karibu wa mti ule ambao watu wa Texas huutumia kubanika nyama. Kuukata huo ni kumfaa mfugaji na mbanikaji kwa pamoja.

Kuni zote hizo sharti zikauke. Ukuni mbichi hutumia joto lake kuchemsha maji yaliyomo ndani, ukatoa moshi mzito mweupe wenye lami, na lami hiyo hutua juu ya nyama. Kuni zilizopasuliwa mwezi wa Juni, masika yakiisha, zikapangwa chini ya paa penye upepo, huwa tayari kabla ya vuli. Gonganisha vipande viwili: kilichokauka hulia, kibichi hunyamaza. Na moto ukikaa sawa, moshi huwa mwembamba wenye kuelekea buluu. Pitisha kidole safi juu ya nyama. Kikitoka na weusi, moto umekosa hewa au kuni hazikuwa kavu. Masizi hayo si uchafu wa macho tu, kwa maana hubeba benzopirini, iletayo saratani, na Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2014 hauruhusu zaidi ya mikrogramu 2 zake katika kilo moja ya nyama ya moshi.

Limebaki neno la msitu. Msitu wa mlima, ulioingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, ndio unaolisha mito na mifongo, yaani mifereji, inayonywesha vihamba hadi nyika ya Himo. Hakuna nyama inayohitaji ukuni wa msitu huo, maadamu kihamba chenyewe, kwa kupogolewa na kung'olewa miti yake mikongwe, chatoa kuni bora kuliko za msituni. Sehemu ya tatu, Mungu akipenda, itaeleza namna ya kujenga uchaga usiopoteza moshi. Kabla ya hapo, ewe msomaji mwenye shamba la kahawa, usikichome kisiki chochote cha mbuni: kikwangue, kipasue, ukiweke chini ya paa.