Mvua ya London, Vumbi la Kajiado

Ukipewa karatasi yenye jumla za mvua za mwaka bila majina ya miji, hutaweza kuitenga London na Kajiado. London hupata milimita 600 hivi. Nyanda za Kitengela, Isinya na mji wa Kajiado, nchini Kenya, hupata kati ya 500 na 700, kutegemea umesimama wapi na ni mwaka gani. Ajabu ni kwamba kule nyasi hubaki kijani bila mtu kuzimwagilia, na huku ifikapo Septemba vumbi limeingia mpaka kwenye vyombo vya jikoni na mbavu za ng'ombe zinahesabika.

Kinachotofautisha miji hii ni namna mvua inavyokuja, na jua linalofuata. London hunyesha zaidi ya siku 100 kwa mwaka, manyunyu leo, manyunyu kesho kutwa. Kajiado hupokea mvua yake nyingi katika misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na ndani ya msimu wenyewe dhoruba chache tu hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Halafu jua la ikweta na upepo wa nyanda huanza kazi yao. Maji yaliyoachwa wazi hapa yangeweza kukauka kwa kina cha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kama mara tatu ya kile kinachonyesha.

Wapenzi wa rekodi za hali ya hewa hupenda kutaja mahali pa mbali, na namba zao hupita masikioni bila kushika. Tuzipime kwa kipimo ambacho kila mtu wa Kitengela anakifahamu: ploti ya hamsini kwa mia. Ni futi hizo, yaani mita za mraba 464 hivi. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua nzuri ya milimita 50 huiangushia ploti hiyo lita 23,000.

Arica, mji wa bandari kaskazini mwa Chile, wastani wake wa muda mrefu ni milimita 0.76 kwa mwaka. Ploti yetu ikihamishiwa huko itapata karibu mitungi 18 ya lita 20, na hiyo ndiyo mvua ya mwaka mzima. Mawsynram, kijiji cha milimani kaskazini mashariki mwa India, hupata karibu milimita 11,870. Lakini rekodi inayonishangaza zaidi ni ya jirani yetu wa Bahari ya Hindi, kisiwa cha Réunion. Tarehe 7 na 8 Januari 1966, kimbunga Denise kikipita, mahali paitwapo Foc-Foc palinyeshewa milimita 1,825 katika saa 24. Ploti ya hamsini kwa mia ingepokea lita karibu 850,000. Kwa mtu anayenunua maji kwa lori la lita 10,000, hayo ni malori 85, yamefika siku moja, bila bili. Nyanda za Kitengela huhitaji kama miaka mitatu kukusanya mvua ya siku hiyo.

Afrika Mashariki nayo ina zake. Vitabu vya rekodi vimetaja kwa miaka mingi mvua ya mawe ya Kericho, siku 132 kwa mwaka, na ngurumo za Tororo, Uganda, siku 251. Dallol, Ethiopia, ilipimwa miaka ya 1960 ikawa na wastani wa nyuzi 34.6 za Selsiasi, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Ng'ambo ya bahari, Quriyat ya Oman, Juni 2018, ilipita siku nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6 hata usiku.

Rekodi, hata hivyo, hukaa mahali penye kipimo na mtu wa kukisoma, na msomaji naye hukosea. Kwa miaka 90 dunia iliamini kwamba joto kali kuliko yote lilikuwa nyuzi 58 za El Azizia, Libya, za Septemba 1922. Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliifuta. Wataalamu waliona kuwa huenda msomaji hakuwa na uzoefu na kipimajoto alichokuwa nacho, akazidisha kwa nyuzi saba hivi. Sasa taji liko Death Valley, Marekani, kwa nyuzi 56.7 za Julai 1913, na hata hiyo ina wapinzani. Kwa hiyo kaunti kubwa kama Kajiado, yenye vipimamvua vichache, ambako wingu linaweza kumwaga Isinya likaiacha Kitengela kavu, isidhaniwe kuwa haina makali kwa sababu tu haimo kwenye orodha.

Makali yenyewe yako ndani ya mipaka yake. Bonde la Amboseli, lililojificha nyuma ya Kilimanjaro, hupata karibu milimita 300; miteremko ya mlima huohuo upande wa Loitokitok hufikia 1,250. Vilima vya Ngong hufikia mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai watu huko hawavui makoti. Ziwa Magadi liko mita 600 hivi, na joto lake halina msimu wa kupumzika. Safari ya saa chache za gari inapita tabianchi ambazo Ulaya ingezitawanya katika nchi kadhaa.

Swali linalowasumbua wanasayansi ni kwa nini nchi iliyo kwenye ikweta iwe kavu hivi, ilhali Kongo na Amazon, zilizo kwenye mstari huohuo, zina misitu isiyopenyeka. Mwaka 2023 Callum Munday wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichapisha jibu moja katika jarida la Nature. Mabonde yanayokata nyanda za juu za mashariki mwa Afrika, likiwemo la Turkana, hufanya kazi ya mifereji: upepo hupita humo ukibeba mvuke kuelekea magharibi. Walipoyaziba mabonde hayo kwenye programu ya kompyuta, mvua iliongezeka upande wetu na kupungua Kongo. Unyevu unapita mlangoni petu ukienda kunyesha kwa jirani.

Huo ndio ukavu wa kawaida. Juu yake kuna yumbayumba ya bahari. Sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi ikiwa na joto kuliko ile ya karibu na Indonesia, vuli yetu hufurika, hasa ikiambatana na El Niño. Hali ikigeuka, na La Niña ikishika Pasifiki, vuli hukauka. Mwaka 1961 Wamaasai wa Kajiado walikuwa wamepoteza mifugo mingi kwa ukame mkali, kisha Oktoba mvua ikaja kwa kishindo hata Ziwa Viktoria likaanza kupanda. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ilikosa mvua mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Kundi la World Weather Attribution, akiwemo mtaalamu wa Kenya Joyce Kimutai, lilikadiria kwamba ongezeko la joto duniani liliufanya ukame huo uwezekane kama mara 100 zaidi, kwa sababu joto hunyonya udongo hata pale mvua inaponyesha. Vuli ya 2023 ikaja mafuriko. Masika ya 2024 Mto Athi na vijito vyake vikavimba, na wakazi wa baadhi ya mitaa ya Kitengela wakaokolewa majini. Ukijumlisha miaka hiyo yote na kuigawanya unapata wastani wenye heshima, ambao haukutokea katika mwaka wowote.

Wafugaji hawakuutegemea wastani kamwe. Waliifuata mvua: nyanda wakati wa majani, vilima vya Chyulu na Ngong au miteremko ya Kilimanjaro wakati wa kiangazi. Ranchi za vikundi zilizoanzishwa baada ya sheria ya 1968 ziliacha njia hizo zikipitika kwa kiasi. Kugawanywa kwa ranchi hizo na kuwekewa nyaya kumezifunga njia. Kitengela, iliyokuwa malisho, ilihesabiwa watu zaidi ya laki moja na nusu mwaka 2019, wengi wao juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huo hupasuka kiangazi mpaka kuta zikafanya nyufa, na ukilowa huvimba, hujifunga, maji hukataa kuzama. Hivyo mtu amewekwa mahali pamoja, juu ya udongo huo, chini ya mvua isiyo na ratiba.

Wewe mwenye nyumba huko, basi, fanya hesabu hii. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 600, hukusanya lita 60,000 kwa mwaka. Ondoa sehemu ya tano kwa upotevu, zinabaki 48,000. Ni malori karibu matano. Mwaka mbaya huenda ukapata nusu, kwa hiyo nunua tangi kwa hesabu ya mwaka mbaya, na uchimbe mtaro kwa hesabu ya mwaka mzuri. Kagua mifereji ya paa Septemba, kabla vuli haijaingia.