Fahamu: Njia zipi za kuvuta watu kwenye tovuti zimepigiwa debe kupita kiasi?

Mwenye tovuti hakosi mtu wa kumuuzia "wageni elfu kumi" kwa bei ya chakula cha mchana. Wengi wao ni roboti, hawasomi wala hawanunui. Tuipite hiyo.

Iliyosifiwa kuliko zote ni Facebook. Kuanzia mwaka 2015 vyumba vya habari vya Marekani viliaminishwa kwamba video ndiyo kila kitu, na baadhi vikapunguza waandishi. Septemba 2016 kampuni ikakiri kuwa wastani wake wa muda wa kutazama video ulikuwa umekuzwa: waliotazama chini ya sekunde 3 hawakuingizwa kwenye hesabu. Januari 2018 ikatangaza kutanguliza posti za ndugu na marafiki. Mwezi uliofuata LittleThings, tovuti iliyotegemea wasomaji wa Facebook, ikafungwa. Mpangaji ana kauli gani nyumba ikiuzwa?

Biashara ya kununua viungo (linki) kutoka tovuti nyingine ili kupanda kwenye Google ilibanwa na mabadiliko ya kanuni za Google yaliyoitwa Penguin mwaka 2012, ingawa wauzaji bado wapo. Utafutaji wenyewe haujafa. Ila tangu Mei 2024, kuanzia Marekani, Google huweka muhtasari wa akili mnemba juu ya matokeo, na aliyepata jibu hapo ana sababu gani ya kubofya?

Inayodharauliwa, kwa maoni yangu, ni orodha ya barua pepe. Inakua polepole, haina mbwembwe, lakini ukibadili mtoa huduma unaondoka na anwani zako. Chaneli ya WhatsApp huwafikia wasomaji wetu kwa urahisi zaidi, ila mmiliki wake ni Meta, yule yule wa Facebook.