Kimumu: Cheti cha jina kipo, mlinzi wa jina hayupo

Ukishika barabara ya Iten kutoka Eldoret mjini, ukifika Kimumu utasoma majina ukutani mpaka uchoke: kinyozi, duka la dawa za mifugo, kibanda cha chipsi. Aliyepaka rangi haulizwi kama jina limesajiliwa. Wanaoumia ni waliofuata sheria.

Muuzaji mmoja wa maziwa na mursik, aliyeomba tusimtaje, alisajili jina la kibanda chake kwenye mtandao wa serikali. Cheti akakitia plastiki na kukitundika juu ya friji, kando ya leseni ya kaunti. Haukupita muda, jirani akafungua duka la maziwa kwa jina lile lile, neno moja tu likiwa limegeuzwa. Anasema wateja wanaoagiza kwa simu walianza kutuma pesa kwa till isiyo yake. Alipopeleka malalamiko aliambiwa atafute wakili. Anauliza basi alilipia nini.

Afisa mmoja anayeshughulikia usajili anasisitiza kwamba ada ni shilingi 950 tu, na kwamba kazi yote ni ya siku chache. Kwenye karatasi, sawa. Lakini asiye na kompyuta humlipa kijana wa saiba, na jina likikataliwa kwa kufanana na jingine anaanza upya. Hesabu ya afisa haikugusa hayo.

Sura ya 499 ya sheria za Kenya inamtaka anayefanya biashara kwa jina lisilo lake halisi alisajili. Msajili anaweza kukataa jina linalofanana na lililokwisha kusajiliwa, ila aliyepaka ukutani bila kuomba hapiti kwake kabisa. Wala cheti hakikupi umiliki wa jina. Huo unatokana na alama ya biashara, chini ya Sura ya 506: maombi mengine, ada nyingine, na ulinzi wa miaka 10 kabla ya kuhuishwa. Wafanyabiashara wengi hudhani ni kitu kimoja, na sioni juhudi kubwa ya kuwaeleza.

Cheti kina faida yake, hasa unapofungua akaunti ya benki kwa jina la duka. Eldoret ilipofanywa jiji Agosti 2024 wengine walitarajia ukaguzi mkali zaidi. Huenda ukaja, ingawa muuza mursik anasema askari wa kaunti humwomba leseni tu.

Kabla hujamwita fundi wa rangi, litafute jina lako kwenye mtandao wa usajili, na siku hiyo hiyo uulizie alama ya biashara.