Mkanda wa gari nao una ada yake

JANUARI ya kwetu Mchukwi, kama ya kwenu, ina orodha ndefu: sare, madaftari, viatu, nauli. Mwaka jana chini ya orodha hiyo palikuwa na mstari mmoja wa fundi: kubadilisha mkanda wa taimingi, Sh230,000.

Baba watoto aliutazama akasema, "Mama watoto, gari si linatembea? Tumalize sare kwanza." Nikakubali.

Gari letu ni Toyota Noah ya zamani. Lilitembea kweli, mpaka jioni moja ya Machi tulipokuwa tukirudi kutoka Mkuranga na watoto watatu, mdogo akiwa na homa. Tulishapita Kimanzichana na giza limeingia. Injini ikazima ghafla. Hakukuwa na moshi wala kelele. Baba watoto alipowasha tena, starta ilizunguka kiwepesi, kama inazungusha hewa.

Tulisimama kando ya barabara, malori ya Lindi na Mtwara yakitupita kwa kasi. Hiace ya abiria ikatuonea huruma, ikanichukua mimi na watoto. Baba watoto alilala ndani ya gari. Mimi njia nzima nilimkumbatia mtoto anayetetemeka, nikizihesabu zile sare. Tulifika hospitali usiku, akatibiwa, akapona.

Kisha ikaja hesabu. Mkanda wenyewe Sh35,000. Bearing zake mbili Sh40,000. Pampu ya maji, ambayo kwa injini yetu huzungushwa na mkanda huohuo, Sh60,000. Sili za oili Sh15,000. Fundi Sh80,000, maana injini ya Noah hii iko chini ya viti vya mbele. Jumla ni Sh230,000 zilezile. Juu yake tuliongeza Sh120,000 za kuvutwa na Sh30,000 za nauli. Kuahirisha kulitugharimu Sh150,000 na usiku mmoja nisioutamani tena.

Hata hivyo fundi alisema tuna bahati. Mkanda huu wa mpira wenye meno ndio unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake pistoni zinapopanda na kushuka. Ukikatika, injini ya petroli kama yetu huzima tu. Kwenye Hiace na Hilux za dizeli za zamani, pistoni hugonga valvu, na hapo mwenye gari anazungumzia kufungua injini nzima.

Mzazi mwenzangu, mkanda huu haupigi hodi. Usisubiri dalili. Fanya haya:

1. Muulize fundi kama injini yako ina mkanda au mnyororo. IST na Vitz nyingi zina mnyororo, usiobadilishwa kwa ratiba kama mkanda.

2. Toyota nyingi zenye mkanda hubadilishiwa kila kilomita 100,000. Dizeli nyingi huwasha taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Kuizima bila kubadilisha mkanda ni kujidanganya.

3. Ukinunua gari lililotumika Japani, tafuta kibandiko karibu na injini. Mafundi wa huko huandika tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Usipokiona, na muuzaji hana risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa. Mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama.

4. Badilisha mkanda pamoja na bearing zake, na pampu ya maji kama inazungushwa nao. Bearing mbovu hula mkanda mpya, na kufungua mara ya pili ni kumlipa fundi mara ya pili.

5. Andika kilomita na tarehe kwenye daftari la nyumbani, pale unapoandika chanjo za watoto.

Bei hizo ni zetu. Za gari lako zitatofautiana. Lakini piga hesabu hii. Gari likienda kilomita 2,000 kwa mwezi, kilomita 100,000 ni miezi 50. Gawa Sh230,000 kwa 50, unapata Sh4,600 kwa mwezi.

Siku hizi tuna kibubu cha gari. Korosho zikiuzwa, kinapata fungu lake kabla Januari haijabisha hodi. Na sare? Wanavaa zilezile za mwaka jana, nimeshusha pindo tu.