Fahamu: Mayai gani haya kwenye maji ya bustani?

Mvua za Lubumbashi zikishaanza, karibu na Novemba, kila kopo, tairi bovu na shimo la bustani hujaa maji. Siku chache baadaye kuna vidoa vyeusi juu yake. Vingi ni mayai ya mbu, lakini si mbu wote wa aina moja.

Kuleksi hugandamanisha mayai yake, mia moja mpaka mia tatu, yakaelea pamoja kama kipande cha masizi. Huyu hapendi usafi: mtafute kwenye mitaro na mashimo ya choo. Anofelesi, anayeambukiza malaria, hutaga moja moja kwenye maji safi yenye jua. Kila yai lina urefu wa nusu milimita hivi, na maboya madogo pembeni, kwa hiyo bila lenzi utayaona kama vumbi tu. Aedesi ndiye mjanja: hubandika mayai kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Kumwaga maji hakutoshi. Sugua pipa kwa brashi.

Utepe mrefu wa utelezi wenye nukta nyeusi ni wa chura. Uache.

Ukiwa na shaka, subiri siku mbili tatu mayai yaanguliwe. Viluwiluwi vya anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Vya wengine huning'inia kichwa chini. Kisha mwaga, maana ndani ya wiki moja au mbili vitaruka.